Alama Zimehesabiwa, Je, Mchezaji Amepimwa?

Msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu ya Uingereza ulitia nanga Mei 25, 2025. Siku hiyo Liverpool walikabidhiwa kombe mbele ya mashabiki wao uwanjani Anfield, huku Leicester, Ipswich na Southampton wakifunganya virago kurejea daraja la chini. Lakini siku iyo hiyo ulifika kikomo msimu mwingine, usio na uwanja, usio na refa, wala usio na nyasi. Huo ulikuwa msimu wa timu za kubuni. Zaidi ya watu milioni 11 ulimwenguni walikuwa wamejiandikisha kuwa mameneja wa timu hizo, nami nikiwa mmoja wao. Mwalimu anayeusoma ukurasa huu, ikiwa hana timu yake mwenyewe, bila shaka ana jirani katika chumba cha walimu aliye nayo. Naye mwanafunzi asiye nayo anamjua mwenzake ambaye kila Jumatatu asubuhi huwa amenuna au amechangamka kwa sababu ya mtu aitwaye Salah.

Nimekusudia leo kuutathmini msimu huo wa timu yangu, mchezaji baada ya mchezaji, jinsi tunavyoitathmini kazi ya muhula. Sina nia ya kujipigia kifua, maana mchezo wenyewe hauna tuzo ya kumtajirisha mtu. Ninalotaka kulichunguza ni hili: mwisho wa msimu kila mchezaji hubaki na namba moja mbele ya jina lake. Namba hiyo inatwambia nini, na inatuficha nini? Swali hilo si la kandanda peke yake. Ni swali linalomkabili kila mwalimu anapoketi kujaza ripoti za wanafunzi, na kila mwanafunzi anapoipokea ripoti yake na kuikunja mara nne kabla ya kuitia mfukoni.

Kwa wale ambao hawajaufahamu mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Kila meneja hupewa pauni milioni 100 za kubuni anunue wachezaji 15 wa kweli wa Ligi Kuu ya Uingereza, yaani walinda lango 2, mabeki 5, viungo 5 na washambulizi 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya wachezaji 3 kutoka klabu moja. Kila wiki huteua 11 wa kuanza, na kati yao humchagua nahodha ambaye alama zake huzidishwa kwa 2. Mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi hupata alama 2. Bao la mshambulizi ni alama 4, la kiungo ni 5, la beki ni 6, na la mlinda lango ni 10. Pasi iliyozaa bao ina alama 3. Beki au mlinda lango ambaye timu yake haikufungwa hupata alama 4. Kadi ya njano huondoa alama 1, nayo nyekundu huondoa 3. Anayekosa mkwaju wa penalti hunyang'anywa 2. Kwa namna hii, yale yanayotendeka uwanjani kwa muda wa wiki 38 hugeuzwa kuwa hesabu.

Mchezo wa namna hii haukuzaliwa jana. Nchini Uingereza ulianzishwa mwaka wa 1991 na Andrew Wainstein, enzi ambapo hesabu zilifanywa kwa kalamu na karatasi. Ule unaosimamiwa na Ligi Kuu yenyewe, ujulikanao kama Fantasy Premier League, ulianza katika msimu wa 2002/03. Leo simu ya mkononi humaliza hesabu yote kabla mshabiki hajatoka kwenye kiti chake.

Katika shule ninakofundisha tulikuwa walimu 12 katika ligi yetu ndogo. Hatukuwekeana dau la pesa. Kila mmoja alitoa kitabu kimoja kwa maktaba ya shule, naye mshindi akapewa haki ya kuchagua kitabu cha 13 ambacho tungekinunua kwa mchango. Nalitaja jambo hili makusudi. Wanafunzi wetu wanaishi katika nchi ambayo matangazo ya kamari hayawapi nafasi ya kupumua, ilhali sheria hairuhusu aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza. Mwalimu anayecheka na wanafunzi kuhusu mabao ya Jumamosi hana budi kuutenga mchezo wa akili na mchezo wa kupoteza karo. Huu wa timu za kubuni hautozi ada ya kujiunga, na mwenye subira hufaidi zaidi ya mwenye pupa.

Sasa na tuwafikie wachezaji wenyewe. Mohamed Salah ndiye aliyekuwa nguzo ya timu yangu tangu wiki ya kwanza. Alianza msimu kwa bei ya pauni milioni 12.5, akacheza mechi zote 38, akafunga mabao 29 na kutoa pasi 18 zilizozaa mabao. Jumla hiyo ya 47 haikuwahi kufikiwa na mchezaji yeyote katika msimu wa mechi 38. Rekodi ya awali ilikuwa 44, iliyowekwa na Thierry Henry msimu wa 2002/03 na kufikiwa na Erling Haaland msimu wa 2022/23. Katika mchezo wa kubuni Salah alikusanya alama 344, akaivunja rekodi ya alama 303 aliyokuwa ameiweka yeye mwenyewe msimu wa 2017/18. Meneja aliyemfanya nahodha wiki zote 38 alivuna alama 688 kutoka kwa mtu mmoja.

Hata hivyo, namba hiyo kubwa ina umbo lake ndani. Kufikia Machi 8, 2025, Salah alikuwa tayari amefunga mabao 27 ya ligi. Kuanzia hapo hadi mwisho wa msimu alifunga 2 tu, moja dhidi ya Tottenham mnamo Aprili 27, siku Liverpool walipotawazwa mabingwa kwa ushindi wa mabao 5-1, na jingine dhidi ya Crystal Palace siku ya kufunga pazia. Anayetazama 344 peke yake atadhani mvua ilinyesha sawasawa mwaka mzima. La hasha! Ilikuwa masika ndefu, kisha kiangazi. Aliyeanza kumtumaini mwezi wa Aprili hakumpata Salah yule aliyesifiwa mwezi wa Desemba.

Hali ya Haaland ilikuwa ya namna iyo hiyo, ila kiangazi chake kilianza mapema. Ndiye aliyekuwa ghali kuliko wote, pauni milioni 15. Katika mechi 5 za kwanza alifunga mabao 10, yakiwemo matatu dhidi ya Ipswich na matatu mengine dhidi ya West Ham. Walimu wenzangu wasiokuwa naye walikuwa wakiingia chumbani kimyakimya kama waliofiwa. Lakini alimaliza msimu akiwa na mabao 22, maana yake ni kuwa mechi zote zilizofuata zilimpa 12 tu. Mimi nilikuwa naye mwanzoni, nikamuuza mwezi wa Oktoba ili nipate fedha za kuimarisha safu nyingine. Sababu za kushuka kwake nitazirejelea baadaye, kwani hazikuwa miguuni mwake peke yake.

Kwa fedha hizo niliwachukua wawili ambao mwezi wa Agosti hawakuwa gumzo la kijiji. Wa kwanza ni Bryan Mbeumo, Mkameruni aliyekuwa akiichezea Brentford. Bei yake ya kuanzia ilikuwa pauni milioni 7. Msimu uliotangulia alikuwa amefunga mabao 9, huku jeraha la kifundo cha mguu likimweka nje kwa miezi kadhaa. Agosti 2024 mshambulizi Ivan Toney aliondoka Brentford akaenda Saudi Arabia, naye Mbeumo akarithi mikwaju ya penalti pamoja na mzigo mzima wa kuongoza mashambulizi. Alifunga mabao 20, akakusanya alama 236. Nadhani hapa pana funzo ambalo halihitaji kufafanuliwa sana kwa walimu: wapo watu ambao uwezo wao hujulikana siku wanapokabidhiwa jukumu. Kiranja asiyewahi kuwa kiranja hawezi kuonyesha kuwa anaweza kuwa kiranja.

Wa pili ni Chris Wood wa Nottingham Forest, raia wa New Zealand aliyetimiza umri wa miaka 33 mnamo Desemba 2024. Bei yake ya kuanzia ilikuwa pauni milioni 6. Naye alifunga mabao 20, matatu kati ya hayo siku ya Februari 1, 2025, Forest walipoicharaza Brighton 7-0. Alimaliza na alama 200. Klabu yake ilikuwa imemaliza ya 17 msimu uliotangulia, ikiponea chupuchupu kuteremshwa daraja. Safari hii ilimaliza ya 7. Nyuma yake langoni alisimama Matz Sels, aliyeanza kwa bei ya pauni milioni 4.5. Sels hakufungwa bao katika mechi 13, akagawana tuzo ya mlinda lango bora na David Raya wa Arsenal. Sels alikuwa kipa wangu kwa sehemu kubwa ya msimu.

Hapa ninawaomba wanafunzi wachukue kalamu. Gawa alama za kila mchezaji kwa bei yake ya kuanzia. Haaland alipata alama 181. Ukizigawa kwa 15 utapata kama alama 12 kwa kila milioni. Salah, 344 kwa 12.5, anatoa 27 na nusu. Wood anatoa zaidi ya 33, na Mbeumo karibu 34. Je, ina maana kwamba Mbeumo alikuwa bora kuliko Salah? Mwanafunzi mwenye haraka atajibu ndiyo. Mwenye makini atakumbuka kwamba nafasi uwanjani ni 11 tu, na kwamba hakuna njia ya kuwapanga Wood wawili katika nafasi moja. Uwiano hujibu swali moja, ni nani aliyelipa fedha zake vyema. Jumla hujibu jingine, ni nani aliyeibeba timu. Kosa huzuka pale jibu la swali moja linapotumiwa kujibu swali jingine. Na kosa hilo, ndugu walimu, hatulioni katika kandanda tu. Tunaliona kila mara shule inapolinganishwa na shule nyingine kwa wastani wa alama, bila kuuliza ni wanafunzi wa kiwango gani kila mojawapo ilipokea katika kidato cha kwanza.

Cole Palmer wa Chelsea alinifundisha jambo jingine. Agosti 2023 bei yake katika mchezo huu ilikuwa pauni milioni 5, bei ya mchezaji ambaye hakuna anayemtarajia. Akafunga mabao 22 msimu huo, na Agosti 2024 bei ikapanda hadi milioni 10.5. Naam, bei ni sifa ya jana inayouzwa leo. Palmer alianza kwa kuistahiki. Septemba 28, 2024, aliifunga Brighton mabao 4 katika kipindi cha kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutendwa na mchezaji yeyote katika historia ya Ligi Kuu. Lakini baada ya kuifunga Bournemouth mnamo Januari 14, 2025, nyavu zilimkataa hadi Mei 4, alipofunga penalti dhidi ya Liverpool. Alimaliza na mabao 15 na alama 214. Kwa upande wa pili, Alexander Isak wa Newcastle alimaliza na alama 211. Karatasi inasema kuwa wawili hawa walitoshana nguvu. Lakini ilhali Palmer alivuna sana mwanzoni na akakauka baadaye, Isak alipata mavuno yake makubwa katikati ya msimu, akifunga katika mechi 8 za ligi mfululizo, na akamaliza na mabao 23. Alama zao zinakaribiana, ila safari zao hazifanani hata kidogo.

Ni mara ngapi tumewaona wanafunzi wawili wenye wastani wa 58, mmoja akipanda kutoka 40, mwingine akishuka kutoka 75? Ripoti huwaweka kwenye mstari mmoja na kuwapa nafasi zinazofuatana. Ukweli ni kwamba mmoja anahitaji kupongezwa, na mwingine anahitaji kuitwa kando aulizwe taratibu, mwanangu, nyumbani kuna nini?

Yupo pia Bukayo Saka wa Arsenal. Hadi Desemba alikuwa miongoni mwa viungo walionineemesha mno, akiwa amefikisha pasi 10 zilizozaa mabao katika ligi. Desemba 21, 2024, katika mechi dhidi ya Crystal Palace, msuli wa paja ulimsaliti, akafanyiwa upasuaji. Alirejea Aprili 1, 2025, akitokea benchi dhidi ya Fulham, na dakika chache baadaye alikuwa ameshafunga bao. Kwa zaidi ya miezi mitatu, mbele ya jina lake palisomeka sifuri baada ya sifuri. Anayesoma jedwali bila kujua habari hiyo ataona mtu aliyezembea. Lakini sifuri ya mgonjwa na sifuri ya mvivu huandikwa kwa umbo moja, na jedwali halina wino wa rangi mbili.

Hadi hapa nimewazungumzia wale ambao hesabu iliwaona, hata kama iliwaona kwa jicho moja. Sasa niwataje wale ambao hesabu haikuwaona kabisa. Ryan Gravenberch alikuwa kiungo wa kati wa Liverpool, mabingwa wa msimu huo. Alicheza mechi 37 kati ya 38 za ligi bila kufunga hata bao moja. Katika chumba chetu cha walimu hakuna meneja hata mmoja aliyemnunua, na kwa mujibu wa sheria za mchezo walikuwa na haki. Kazi yake ilikuwa kuupokea mpira katikati ya maadui, kugeuka nao, kuzima shambulio kabla halijawa shambulio, na kumpa mwenzake pasi ambayo ingezaa pasi ambayo ingezaa bao. Pasi ya tatu kabla ya bao haina alama. Lakini Ligi Kuu yenyewe ilipotafuta mchezaji bora chipukizi wa msimu wa 2024/25, ilimteua Gravenberch.

Na sasa ninarudi kwa Haaland kama nilivyoahidi. Septemba 22, 2024, Manchester City walipokutana na Arsenal, kiungo wao Rodri aliumia goti, na jeraha hilo likamweka nje kwa sehemu kubwa ya msimu. Mwezi uliofuata alitangazwa mshindi wa tuzo ya Ballon d'Or, mchezaji bora wa dunia, akitembea kwa magongo. City walikuwa wameshinda ligi kwa misimu minne mfululizo. Bila Rodri walipoteza mechi nne za ligi kwa mfululizo kati ya Novemba na mwanzo wa Desemba, ikiwemo kichapo cha 4-0 nyumbani kwao mikononi mwa Tottenham. Walimaliza wa tatu. Sisemi kwamba jeraha la mtu mmoja lilikuwa sababu pekee, kwani timu ilikuwa imezeeka na wengine pia waliumia. Nasema tu kwamba baada ya nguzo ile kuondoka, mabao ya Haaland yalipungua, na jedwali la alama likaandika upungufu huo mbele ya jina la Haaland. Mbele ya jina la Rodri halikuandika chochote. Hasara iliyosababishwa na kutokuwepo kwake ilitozwa kwa mtu mwingine.

Nilipokuwa nikilitafakari jambo hili, nilimkumbuka msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye jina lake sitalitaja. Alama zake ni za kadiri, na ripoti yake ya muhula ule ilimweka katikati ya darasa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiwakusanya wenzake watano baada ya chakula cha jioni, akawauliza maswali ya Hisabati, akawasubiri waliochelewa kuelewa, na akawakemea kwa upole waliotaka kunakili majibu. Muhula uliofuata alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, akakaa huko majuma matatu. Kundi lile lilivunjika. Mtihani wa katikati ya muhula ulipokuja, alama za wale watano zilishuka, nasi walimu tukaanza kuulizana katika kikao kwa nini vijana hawa wamezembea ghafla. Wazazi wao waliandikiwa barua. Hakuna aliyelitaja jina la msichana, kwa sababu katika karatasi zilizokuwa mezani hapakuwa na safu ya kuonyesha kazi yake. Aliporejea, kundi liliundika tena lenyewe, chini ya mwembe ule ule. Ripoti yake iliendelea kusema "wastani".

Huenda msomaji akauliza, je, tuzitupe alama? Hasha. Bila alama tungebaki na upendeleo wa macho, na macho yana wapenzi wao. Ni alama zilizomwinua Chris Wood, mzee wa miaka 33 wa klabu isiyo na jina kubwa, zikamweka pamoja na vijana wa bei ghali. Ni alama vilevile zinazomwezesha mtoto wa mchuuzi wa mboga kukaa dawati moja na mtoto wa waziri. Anayezidharau alama aghalabu ni yule asiyezihitaji.

Lakini alama zinaweza kurekebishwa zione zaidi. Waandalizi wa mchezo wa kubuni walilitambua hilo. Kuanzia msimu wa 2025/26 waliongeza kanuni ya kuwatuza wanaojihami: beki akifikisha matendo 10 ya kujilinda katika mechi moja, kama vile kuondosha mipira, kuzuia mikwaju, kunasa pasi na kupokonya, hupewa alama 2. Kiungo au mshambulizi hupewa alama hizo akifikisha 12, naye huhesabiwa pia mipira aliyoirejesha mikononi mwa timu yake. Kazi ya kina Gravenberch ikaanza kuonekana, angalau kwa sehemu.

Nchini mwetu pia tumepiga hatua ya aina hiyo. Mwaka wa 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuorodhesha shule na watahiniwa kwa nafasi katika matokeo ya mitihani ya kitaifa. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Katika mtaala wa umilisi, anayeelekea sekondari ya juu hapimwi kwa mtihani mmoja tu. Tathmini ya Gredi ya 6 hubeba asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 hubeba asilimia 20, nao mtihani wa Gredi ya 9 hubeba asilimia 60. Safu zimeongezwa katika jedwali.

Hata hivyo, tusidhani kwamba safu mpya humaliza kazi ya macho. Tuitazame tena kanuni ile ya mabeki. Beki anayeondosha mipira mingi kuliko wote mara nyingi ni beki wa timu inayoshambuliwa kutwa nzima. Yule ambaye timu yake humiliki mpira hana mingi ya kuondosha. Kwa hiyo kipimo kilichobuniwa kumwona mtu aliyesahauliwa kinaweza kumsahau mwingine. Ndivyo ilivyo pia katika tathmini zetu za shuleni. Mwanafunzi mwenye mzazi wa kumnunulia vifaa vya mradi huleta kazi ya kupendeza, na yule asiye navyo huleta alichokiokota. Kipimo kipya nacho kinahitaji mwalimu anayejua kilichopimwa.

Niliumaliza msimu katika nafasi ya pili kati ya 12. Aliyenishinda ni mwenzangu wa somo la Kemia, aliyekuwa na Mbeumo tangu siku ya kwanza, na ambaye alichagua kamusi kubwa kuwa kitabu cha 13. Kamusi hiyo sasa iko maktabani, na jalada lake limeanza kuchakaa, jambo linalonifurahisha kuliko nafasi yoyote.

Nimeyapata mambo matatu katika msimu huo ambayo nawakabidhi walimu wenzangu na wanafunzi. La kwanza, kila uonapo namba, uliza imehesabu nini, kwa maana hakuna namba inayohesabu kila kitu. La pili, usitosheke na jumla. Fuatilia safari ya namba hiyo, wiki hadi wiki, muhula hadi muhula, uone inapanda au inashuka na kwa sababu gani. La tatu, alama za mtu zikishuka ghafla, usimtazame yeye peke yake. Tazama ni nani aliyekuwa kando yake ambaye sasa hayupo.

Nanyi wanafunzi mnaopokea ripoti zisizowafurahisha, msijidanganye kwamba alama hazina maana, wala msikubali kwamba ndizo maana yote. Gravenberch hakuacha kukimbia kwa sababu hakuna aliyemnunua.

Kwa upande wetu walimu, ipo nafasi chini ya kila ripoti iliyoachwa kwa maoni ya mwalimu wa darasa. Aghalabu tunaijaza kwa maneno mawili, "Tia bidii", arubaini na saba kwa mfululizo, kalamu ikikimbilia likizo. Nafasi hiyo ni ndogo, lakini inatosha sentensi moja ya kweli kuhusu jambo ambalo jedwali halikuliona. Ya msichana yule nimekwisha kuiandika.